Kibao cha nje: chuma, alumini, alukobondi, foreksi, plaiwudi au pespeksi?

Juzi tulishusha kibao cha zahanati moja hapa Tanga, kilichosimama kama mita 300 kutoka ufukweni. Kilikuwa kimeanza kuinama. Uso wake ulikuwa mzima kabisa, maandishi ya bluu yanasomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Kijana wangu alipopitisha grainda kwenye mguu wa fremu, maji ya rangi ya chai yalimtiririkia viatuni. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu. Maji yale yalikuwa yamekaa ndani ya skwea paipu tangu vuli, hayana pa kutokea, yakala chuma kutoka ndani. Nikabonyeza ukingo wa chini wa shiti kwa kidole gumba, pale ulipokunjwa kuingia kwenye fremu. Ulivunjika kama biskuti.

Karibu kila kibao nilichowahi kukishusha kilianza kufa hivyo: ukingoni, kwenye matundu, kwenye skrubu. Uso ndio hufa mwisho. Ndiyo maana mteja akiniuliza "shiti gani ni imara?" siwezi kumjibu kabla hajaniambia kibao kinakwenda kusimama wapi, kitafungwa na nini, na nani atakuwa anakiangalia.

Nimezilinganisha hapa shiti sita zinazopatikana kwenye maduka yetu ya vifaa. Kuna pleni shiti ya chuma yenye zinki na alumini tupu. Kuna alukobondi, yaani ngozi mbili za alumini zilizobana kiini cha plastiki. Alucobond ni jina la bidhaa iliyoingia sokoni mwaka 1969, na sasa kila bodi ya aina hiyo tunaiita hivyo. Kuna foreksi, ambayo ni povu gumu la PVC, kuna plaiwudi, na kuna pespeksi, ile plastiki ngumu inayofanana na kioo. Sijaingiza banna za turubai. Hizo ni nguo, zina mambo yake.

## Vipimo vya kutumia

Nazipima zote kwa mambo yaleyale: zinavumilia vipi jua, zinafanya nini maji na chumvi vikizifikia ukingoni, upepo unazisumbua kiasi gani, karakana inahitaji nini kuzitengeneza na kuzirekebisha, wezi na moto, halafu gharama ya miaka yote na si ya siku ya kununua tu.

Tuanze na tarakimu, maana zinaondoa ubishi mwingi. Bodi kamili ya futi 4 kwa 8 ni mita 1.22 kwa 2.44, karibu mita 3 za mraba.

| Shiti | Unene | Kilo kwa mita ya mraba | Urefu wa m 2.44 unavyotanuka joto likipanda nyuzi 30 |
|---|---|---|---|
| Chuma | mm 1.5 | 11.8 | mm 0.9 |
| Alumini | mm 2 | 5.4 | mm 1.7 |
| Alukobondi | mm 4 | 5.5 | mm 1.7 hivi |
| Foreksi | mm 5 | karibu 3 | mm 4 hadi 5 |
| Plaiwudi | mm 18 | 10 hadi 12 | kidogo sana. Hii hutanuka kwa unyevu |
| Pespeksi | mm 5 | 6 | mm 5 |

Safu ya mwisho ndiyo wengi huipuuza. Milimita 5 ni upana wa skrubu nzima. Ukiibana pespeksi kwenye tundu linalolingana na skrubu, mchana ikitaka kutanuka haina nafasi, na ufa huanzia palepale tunduni.

## Jua

Chuma na alumini zenyewe haziogopi jua. Kinachoogopa ni rangi na stika iliyobandikwa juu yake. Nyekundu hupauka mbele ya wenzake, nyeusi na bluu hukawia. Kama kibao kinatazama magharibi na nembo yako ni nyekundu, panga bajeti ya kuirudia.

Alukobondi huja na rangi ya kiwandani, na hapo inafaa uwe macho. Kuna bodi zenye rangi ya poliesta, nzuri kwa ndani na kwenye vibaraza, na kuna zenye rangi ya PVDF zilizotengenezwa kwa ajili ya nje. Zikiwa zimesimamishwa dukani zinafanana kama mapacha. Muulize muuzaji, na umwambie aiandike kwenye risiti. Jambo jingine ni ile karatasi laini ya kinga iliyobandikwa usoni: ibandue mara tu kibao kinapokamilika. Ikiachwa juani muda mrefu hushikana na rangi, na kuibandua inakuwa kazi ya kucha na machozi.

Kwa foreksi jua ndilo tatizo kubwa. Povu la PVC huanza kulainika joto likikaribia nyuzi 70 hivi, na bodi yenye rangi iliyoiva, ukutani kusiko na kivuli mwezi wa Januari, hupata joto kali kuliko hewa inayoizunguka. Nimeona kibao cha saluni cha mm 3 kimebinuka kama ng'onda iliyoanikwa. Foreksi nyeupe, ya mm 10, chini ya kibaraza, ni habari tofauti kabisa: hukaa vizuri na hubaki safi.

Kati ya plastiki, pespeksi ndiyo inayolimudu jua. Haigeuki njano upesi, na ndiyo maana masanduku ya taa hutumia hiyo. Usiichanganye na polikaboneti ya kuezekea, ambayo isipokuwa na tabaka la kinga huwa njano na kuwa na ukungu. Plaiwudi nayo hutegemea rangi. Rangi ikipasuka, jua hufungua nyufa ndogo usoni, na mvua inayofuata huingia humo.

## Maji, chumvi na ukingo

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu sisi wa pwani ndipo tunapopoteza pesa zetu.

Chuma chenye zinki kinalindwa kwa namna ya ajabu: zinki hujitoa mhanga ili chuma kibaki. Hata ukikwaruza kidogo, zinki ya jirani huendelea kulinda. Lakini tunafanya nini karakana? Tunakata kwa grainda na kuchomelea kwenye kona, moto unaiunguza zinki palepale maji yatakapotuama. Ukingo uliokatwa na kila mahali palipochomelewa pakwanguliwe, pafutwe vumbi, papakwe rangi ya zinki kabla ya praima, yaani rangi ya kwanza inayoshikisha nyingine. Halafu kuna kosa la rangi. Rangi ya mafuta ikipakwa moja kwa moja juu ya zinki, vitu viwili hivyo hukutana na kutengeneza kitu kama sabuni chini ya rangi. Masika moja, masika mbili, rangi inavuka kama ganda la kitunguu, na mteja anamlaumu mpakaji rangi, kumbe kosa ni la praima. Osha mafuta, piga msasa laini, tumia praima iliyotengenezwa kwa ajili ya mabati.

Alumini haipati kutu nyekundu. Hewa huifunika yenyewe kwa utando mwembamba unaoikinga, na ukiukwaruza utando hujirudia. Adui yake ni jirani mbaya. Kosa hili nimelifanya mwenyewe, kwenye kibao cha nyumba ya wageni upande wa Pangani: shiti nzuri ya alumini, nikaifunga kwa skrubu za kawaida za chuma. Mwaka wa pili kila skrubu ilikuwa imezungukwa na unga mweupe, na matundu yamepanuka hata shiti ikawa inagonga usiku upepo ukivuma. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Dawa yake ni skrubu za stenlesi, karibu na bahari ziwe za daraja 316, na washa ya mpira au ya nailoni kati ya kichwa cha skrubu na shiti. Nilikwenda kukibadilisha kile kibao kwa gharama yangu.

Alukobondi ina alumini usoni, kwa hiyo yote niliyosema kuhusu skrubu yanaihusu. Kiini chake hakinywi maji. Kinachoshindwa ni gundi kati ya ngozi na kiini, nayo huanza kuachia ukingoni kwenye bodi za hali ya chini. Angalia ngozi yake: zipo za mm 0.1 tu, karibu na unene wa kopo la soda, na zipo za mm 0.3 hadi 0.5. Bodi zote mbili zitaandikwa "mm 4". Chukua kipande, kikunje mara mbili tatu kwa mkono, utazame kama ngozi inabanduka. Kwa kibao kinachosimama wazi mimi sikati ukingo na kuuacha hivyo. Tunachimba mfereji wa umbo la V nyuma kwa rauta, tunakunja pande zote nne kama sinia, na ukingo uliokatwa unageukia ndani ambako mvua haipigi.

Foreksi na pespeksi hazijali maji wala chumvi, hata kidogo. Hili liwe kwenye hesabu zako: dukani kwenye soko la samaki, chini ya paa, foreksi itaishinda shiti ya chuma bila jasho.

Plaiwudi hunywa maji kwa ukingo kama utambi unavyonywa mafuta. Uso ukipakwa rangi mara tatu na ukingo mara moja, umepoteza rangi. Mimi hupaka ukingo tabaka tatu za epoksi kabla sijagusa uso, na kila tundu la skrubu hulitoboa kubwa kidogo na kulipaka ndani. Tahadhari nyingine ni ya jina. Kile kinachoitwa "marini bodi" madukani mara nyingi ni ile plaiwudi yenye utando wa kahawia au mweusi inayotumiwa kumwagia zege. Gundi yake huvumilia maji, lakini rangi haishiki juu ya utando ule bila kupigwa msasa mpaka uishe kung'aa. Plaiwudi halisi ya kuundia mashua ni kitu kingine na bei yake ni nyingine. Zote mbili mchwa huzila, basi mguu wa mbao usiingie ardhini.

## Upepo na uzito

Wateja wengi huamini shiti nyepesi inapunguza kazi ya upepo. Sivyo. Upepo unasukuma eneo, hauulizi uzito. Upepo wa kilomita 72 kwa saa ukiipiga bodi ya futi 4 kwa 8 uso kwa uso huisukuma kwa nguvu inayolingana na mzigo wa kilo 70 hadi 90. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, pwani nzima ilikumbushwa kwamba upepo wa aina hiyo nasi unatuhusu.

Kinachobadilika kati ya shiti na shiti ni ugumu wa kutopinda na mzigo unaobaki juu ya fremu siku zote. Chuma cha mm 1.5 kwenye bodi nzima ni kilo 35, kinahitaji miguu ya maana na watu watatu wa kunyanyua. Alukobondi ya mm 4 ni nusu ya hapo, na kwa sababu ngozi zake zimeachana, haipindi kirahisi. Alumini ya mm 2 ina uzito karibu uleule lakini hupiga mawimbi isipowekewa mbavu nyuma. Plaiwudi ya mm 18 ni nzito ila inajisimamia yenyewe, mbavu chache zinatosha. Foreksi na pespeksi kwenye eneo kubwa lililo wazi zinahitaji kuungwa mkono kila upande, na pespeksi ikishindwa haipindi, inavunjika vipande na kuanguka juu ya watu.

## Karakana na marekebisho

Chuma kinamwelewa kila fundi. Kijijini, mbali na mji, kibao cha chuma kikipata ajali kuna mtu wa kukichomelea na mwenye brashi wa kukiandika upya. Hilo ni jambo kubwa, na mara nyingi lafaa kuliko sifa yoyote iliyo kwenye karatasi ya kiwanda. Ila unapochomelea chuma chenye zinki, kwangua zinki kwanza na ukae upande upepo unakotoka. Moshi mweupe ule huleta homa na kutetemeka usiku huohuo. Maziwa tunayokunywa wengi wetu hayazuii moshi kuingia mapafuni. Barakoa ya kufaa na hewa ndivyo vinavyozuia.

Alukobondi hukatwa kwa msumeno wa kawaida wa mbao wenye meno ya kabaidi, lakini kukunja vizuri kunataka rauta na mkono uliozoea. Ikibonyea hainyooki, unabadilisha bodi. Alumini tupu hunyooshwa, ila kuichomelea kunataka mashine ambayo karakana nyingi hazina, kwa hiyo tunaipiga riveti. Foreksi ni rahisi kuliko zote, kisu kikali na rula vinatosha. Plaiwudi ni ya seremala yeyote. Pespeksi inataka subira: toboa polepole, tundu liwe kubwa kuliko skrubu kwa milimita kadhaa, na usiisafishe kamwe kwa tina au spiriti, maana huzuka nyufa nyembamba kama nywele. Maji na sabuni tu.

## Wezi na moto

Chuma na alumini zina soko la chakavu. Kenya ilifika hatua ya kusimamisha biashara nzima ya vyuma chakavu Januari 2022, baada ya uharibifu wa miundombinu ya umeme, ikairuhusu tena miezi michache baadaye. Alama za barabarani huibwa kwa njaa hiyohiyo. Alukobondi humvutia mwizi kidogo kwa sababu lazima aitenganishe na plastiki. Plaiwudi huibwa na anayetaka meza. Kwenye barabara isiyo na walinzi tumia riveti au nati zinazokatika kichwa, usitumie bolti inayofunguka kwa spana namba 13.

Moto nao usiusahau. Kiini cha kawaida cha alukobondi ni polithini, na kinawaka. Tarehe 14 Juni 2017 jengo la Grenfell Tower mjini London liliungua, watu 72 wakafa, na bodi za aina hii zilizovalishwa ukutani ndizo zilizoupandisha moto. Kibao kimoja juu ya miguu miwili barabarani si sawa na ukuta mzima wa ghorofa. Lakini kama unataka kufunika uso wote wa jengo lenye watu wanaolala ndani, dai bodi yenye kiini cha madini kisichoshika moto upesi, au tumia alumini tupu.

## Gharama

Bei za dukani hupanda na kushuka, sitaziandika. Hesabu hivi: shiti, pamoja na fremu, pamoja na skrubu, pamoja na siku za kupaka upya, pamoja na kukodi ngazi ndefu au gari la kunyanyulia kila mara unapokirudia kibao. Chuma ni rahisi kuanza nacho na ghali kukitunza pwani. Alumini ni kinyume chake. Foreksi ni rahisi ikikaa kivulini, hasara ikikaa juani. Kibao kilicho mita 6 juu, gharama ya kupanda peke yake inaweza kuishinda shiti.

## Wewe uko wapi kati ya hawa?

Shule au ofisi ya kijiji bara, Handeni au Dodoma, hewa kavu, fundi wa kuchomelea yupo jirani: chukua chuma chenye zinki na praima sahihi. Kibao kipakwe upya kila miaka kadhaa na wanakijiji wenyewe. Alukobondi ikibonyezwa na mbuzi huko hakuna wa kuibadilisha.

Duka lenye kibaraza, jina linabadilika labda baada ya miaka miwili: foreksi nyeupe, herufi za kukata. Usilipe zaidi ya hapo.

Duka la dawa au mgahawa unaofanya kazi usiku: pespeksi kwenye sanduku la taa, matundu mapana, na tundu la kutolea jasho la maji chini ya sanduku.

Alama ya njia inayopaswa kung'aa ikimulikwa na taa za gari: alumini tupu, stika ya kung'aa hushika vizuri juu yake. Mahali pa wezi, jadili na mwenye kazi kama alukobondi itamtosha.

Hoteli au duka Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulio kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000: kabla ya kununua chochote, nenda kwenye Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe uulize kinachoruhusiwa ukutani. Bodi inayong'aa juu ya kuta za chokaa na milango ya nakshi haipendezi kwa macho yangu. Mbao ya mninga iliyochongwa na kupakwa mafuta, au plaiwudi iliyofungwa vizuri ukingo wake, itakaa na mahali pale. Lamu hali ni hiyohiyo.

Kambi, shamba au hoteli ya porini: plaiwudi au mbao ngumu juu ya miguu ya chuma, mbali na mchwa.

Jengo karibu na bahari, kibao kisimame wazi, na mwenyewe hataki kukigusa miaka mingi: alumini tupu yenye mbavu, au alukobondi ya rangi ya PVDF iliyokunjwa ukingo, ipi kati ya hizo itaamuliwa na mfuko na fundi uliye naye. Zahanati yetu ilichagua ya pili. Bodi iko mezani sasa, pande nne zimekunjwa, mkanda wa mpira umelala juu ya fremu ya bomba la zinki, skrubu za 316 zimo kwenye kikombe. Juu ya kila mguu kuna kifuniko, na sentimita tano juu ya usawa wa zege kijana wangu ametoboa tundu la mm 8, amelipaka zinki ndani kwa kijiti, ili mvua ya masika ikiingia ipate pa kutokea.